Tope Halijui Umetia Dizeli au Petroli

Bonasi ya majani chai inapokaribia, kati ya Septemba na Oktoba, mazungumzo ya Litein, Kapkatet na Mogogosiek hubadilika. Wiki chache nyuma watu walikuwa wakilalamikia bei ya mbolea, na jinsi viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vinavyolipa kidogo kuliko vya Murang'a na Kirinyaga. Kisha pesa zinaingia, ziwe za kutosha au za kufuta machozi tu, na swali linageuka: tununue gari gani? Huku milimani, ambako mvua haikosi alasiri na njia ya kwenda kituo cha kununulia chai ni udongo mwekundu mtupu, swali hilo hufupika upesi. Ni 4x4. Kinachobaki kubishaniwa ni dizeli au petroli.

Jibu nimelisikia kwenye matanga, kwenye koito za mahari, kwenye foleni ya benki: dizeli. Anayelitoa hana shaka hata chembe. Dizeli ina nguvu, dizeli hunusa mafuta tu, dizeli haikwami, dizeli haifi. Mwenye petroli akiwa pale hukaa kimya kama kijana aliyeoa bila kuwaaga wazazi.

Mimi naona vingine, na nasema mapema ili asiyetaka kuendelea ageuze ukurasa. Kwa wakulima wengi wa chai wa Kericho na Bomet, kwa walimu, wauguzi na wenye maduka, 4x4 ya petroli iliyo na gia ya lo, ile ya nguvu na mwendo wa polepole, ndiyo ununuzi wa busara. Sifa nyingi tunazoivika dizeli ni mali ya vitu vingine kabisa: turbo, matairi, lo, na injini za zamani ambazo hakuna anayeziunda tena kwa ajili ya magari tunayoyaagiza.

Imani hii haikutoka hewani. Tangu miaka ya 1920, kampuni kama Brooke Bond na African Highlands zilipoanza kupanda chai Kericho kwa wingi, mtu aliyeonekana akipita kwenye tope bila kusukumwa alikuwa meneja wa esteti. Babu zetu walitembea, meneja akapita na Land Rover. Watu wengi hawajui kwamba Land Rover ya kwanza, ya 1948, ilikuwa ya petroli. Dizeli haikuwekwa mpaka 1957. Land Cruiser nayo ilizaliwa 1951 ikinywa petroli. Dizeli iliingia baadaye, na iliingia kwenye mashamba makubwa kwa sababu ya kihasibu zaidi kuliko ya matope. Esteti ina matrekta, malori ya kubeba majani mabichi, jenereta za kiwanda. Vyote ni dizeli. Ina tangi lake la mafuta, ina gereji yake, ina fundi anayelipwa mshahara hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Kwa mwenye mali hiyo yote, gari la meneja kutumia dizeli ni jambo la kawaida kabisa: mafuta ya aina moja, bomba moja, daftari moja. Mkulima wa ekari mbili pale Cheborge hana tangi wala gereji. Aliiga gari, mambo yaliyolifaa gari hilo yakabaki kwa meneja.

Nianze na hoja ya nguvu, kwa kuwa ndiyo yenye ukweli mwingi ndani yake. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Londiani na Mau Summit unavuka mita 2,400. Katika mwinuko kama wa Kericho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, na injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Prado ya petroli ya lita 2.7, ambayo vitabu vyake vinasema ina nguvu za farasi 163, huku kwetu inafanya kazi kama yenye 130 au pungufu. Mtu aliyeliendesha Prado hilo kutoka Chepseon kupanda, likiwa na abiria saba na mizigo ya sikukuu, nyuma ya lori la mbao, anajua ninachosema. Injini hupiga kelele, sindano ya mizunguko hupanda, gari lenyewe halina haraka.

Dizeli ya lita 2.8 ya Prado haina shida hiyo. Ni kwa nini? Kwa sababu ina turbo, feni inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe na kusukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo wepesi wa hewa ya mlimani hauiumizi sana. Turbo, basi, ndiyo inayofanya kazi pale. Chukua dizeli isiyo na turbo, kama ile injini maarufu ya 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kuuzwa 1990 na ambayo mashirika na serikali za Afrika nzima zimeitegemea. Nayo hupoteza pumzi ikifika Kericho, tena hukuonyesha wazi kwamba imepoteza: pampu yake humwaga mafuta yale yale iliyozoea kumwaga pwani, hewa ya kuyachoma haitoshi, na moshi mweusi unabaki barabarani kwa anayefuata. Kwa upande mwingine, Subaru Forester ya petroli yenye turbo hupanda Mau Summit ikiimba. Ubishi wa barazani ungekuwa wa haki kama watu wangeuliza, lina turbo au halina?

Sasa tope. Hapa ndipo petroli imeonewa zaidi.

Njoo usimame kwenye mteremko wa kituo cha kununulia chai upande wa Mogogosiek, saa kumi alasiri, baada ya mvua. Udongo mwekundu wa mashamba ya chai una tabia yake: chini ni mgumu, juu ni utelezi mtupu, unene wa kidole. Lori la kiwanda limeshapita na kuacha mifereji miwili inayong'aa. Wanawake wenye magunia ya majani wanapanda pembeni, kwenye nyasi, kwa kuwa hata gambuti hazishiki katikati. Nililoliona pale ni hili: pikapu mpya ya dizeli ya milango minne, nguvu tele, matairi ya lami yaliyokuja nayo dukani, ilianza kupanda, ikazungusha magurudumu, ikaserereka kwa nyuma taratibu, kwa heshima zote, mpaka ikalala kwenye mtaro. Dereva alikanyaga zaidi, kwani ameambiwa maisha yake yote kwamba dizeli haikwami. Kila alivyokanyaga ndivyo alivyochimba. Nyuma yake ikaja Probox, ambayo kwa sheria zote za barazani haikupaswa hata kufika pale. Abiria wakashuka, vijana wawili wakaweka mabega, ikapita.

Simwambii mtu anunue Probox. Lakini kila aliyesimama pale aliona kilichoishinda pikapu: matairi ya lami kwenye utelezi, na mguu mzito. Tena uzito wenyewe wa injini ya dizeli, iliyojengwa nene ili ihimili mgandamizo wa hewa wa mara 15 hadi 20 ilhali ya petroli hugandamiza kama mara 10, hukaa juu ya magurudumu ya mbele na kuyazamisha mapema.

Wanaojua magari watanijibu kwamba dizeli hutoa nguvu ikiwa chini, bila kelele, na hilo ndilo linalotakiwa kwenye tope. Ni kweli. Dizeli ile ya lita 2.8 hutoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Petroli ya 2.7 hutoa takriban Nm 246, tena inataka mizunguko karibu 4,000 kabla haijaitoa. Ukisimamisha hesabu hapo, dizeli imeshinda. Ila gari la 4x4 la kweli lina kile kijiti au kitufe cha pili, gia ya lo, ambacho kwenye Prado huzidisha nguvu hiyo zaidi ya mara mbili na nusu kabla haijafika kwenye magurudumu. Petroli iliyowekwa kwenye lo inafikisha magurudumuni nguvu kubwa kuliko dizeli iliyoachwa kwenye gia ya kawaida, na inafanya hivyo mwendo wa kutembea kwa miguu. Dereva mwenye subira hahitaji zaidi. Ukiweza, funga na difu ya kati.

Shida ni kwamba magari mengi ya petroli tunayoyaita 4x4 hayana lo. Rav4, X-Trail, Harrier, Forester: yote husukuma magurudumu manne, ni mazuri kwenye changarawe iliyolowa, yatakufikisha hospitali ya Tenwek usiku wa dharura. Yakikutana na mteremko kama ule wa Mogogosiek, hukwama, au huchoma klachi, au gia zake za mkanda hupata joto na kugoma. Watu huyatazama yakivutwa na trekta, wanasoma kibandiko cha mafuta mlangoni, wanahitimisha: petroli haiwezi. Petroli imebeba lawama ya gari lisilo na lo. Wakati huohuo magari ya dizeli yanayoletwa huku, Hilux, D-Max, Land Cruiser, Prado, karibu yote yana lo, na sifa ya lo ikaenda kwa dizeli. Nimekutana na wenye Prado za dizeli ambao hawajawahi kuishika lo tangu wanunue gari, na wengine hawajui kitufe chake kiko wapi, lakini watakuapia kwamba ni mafuta ndiyo yanayowapandisha mlima.

Nyongeza fupi kuhusu mteremko, maana kuna hoja inayosemwa kwamba dizeli humshikilia dereva akishuka. Mashine ya petroli ina mlango wa hewa unaofunga ukiinua mguu, ikawa inavuta hewa kwenye mlango uliofungwa, na hilo hulipunguza gari mwendo. Dizeli nyingi zilijengwa bila mlango huo. Kinachokushikilia ukishuka ni gia uliyoichagua, na hapo tena tumerudi kwenye lo.

Twende kwenye pesa, kwani bonasi ina mwisho.

Serikali ya Kenya ina mapenzi ya ajabu na dizeli. Kwenye pampu inaipendelea: ushuru wa bidhaa kwa lita ya petroli ni takriban shilingi 22, wa dizeli takriban 11, kwa sababu lori, basi na trekta vikipandishiwa gharama, unga na nauli hupanda siku hiyohiyo. Bandarini inaikamua. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, gari la dizeli linalozidi lita 2.5 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, sawa na la petroli linalozidi lita 3. La petroli kati ya lita 1.5 na 3 hutozwa asilimia 25. Kwa hiyo Prado mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, rangi moja, viti vilevile, moja ya petroli lita 2.7 na nyingine ya dizeli lita 2.8, hazilipi sawa. Kama thamani inayotozwa ushuru huo ni milioni 3, ya dizeli italipa 300,000 zaidi, na juu ya hizo kuna VAT ya asilimia 16. Unalipa malaki kabla hujawasha gari, kisha serikali inakurudishia kidogo kidogo kwenye pampu, ikiwa utaishi nalo muda wa kutosha.

Na bei ya soko inapanda zaidi ya ushuru, kwa sababu ya uchache wake. Prado ilipobadilishwa umbo 2009, Japani iliiuza nyumbani kwake ikiwa ya petroli pekee. Sheria za moshi za kule zilikuwa zimeibana dizeli. Dizeli ilirudi kwenye soko hilo Juni 2015. Sisi tunaagiza magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo kwa muda mrefu aliyetaka Prado ya dizeli ya umbo hilo aliitafuta Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chesisi hula kutu kimyakimya, au alinunua mpya hapa nchini kwa bei ya kutisha. Uchache huo ndio ulioipandisha hadhi. Kijana aliyeona dizeli ikiuzwa ghali miaka yote hiyo aliamini ni ghali kwa kuwa ni bora.

Hebu tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Nachukua bei za Nairobi za mamlaka ya nishati, EPRA, za katikati ya Septemba 2023, mwezi ambao mafuta yalivuka shilingi 200 na kila mtu anaukumbuka: petroli 211.64, dizeli 200.99. Tuseme petroli inakupa kilomita 8 kwa lita na dizeli 10, makadirio yasiyomwonea yeyote kwenye barabara zetu za kupanda na kushuka. Mtu anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka, yaani nyumbani, kiwandani, kanisani, Kericho mjini mara moja kwa wiki, Nairobi mara chache, atatumia karibu shilingi 264,500 kwa petroli na 201,000 kwa dizeli. Ameokoa 63,500. Ikiwa gari la dizeli lilimgharimu 700,000 zaidi, atazirudisha baada ya miaka kumi na moja. Mfanyabiashara wa viazi anayetembea kilomita 30,000 atazirudisha chini ya miaka minne, na huyo simbishii kabisa. Bei zitapanda na kushuka kila tarehe 14, lakini pengo kati ya mafuta haya mawili si pana kiasi cha kubadilisha hesabu ya mtu wa kilomita 10,000.

Na hapo hatujamtaja fundi.

Dizeli iliyojenga jina hili ilikuwa chuma kitupu. Pampu ya kimakanika, noseli nene, waya chache. Ukiipa mafuta, hewa na maji ya rejeta, iliendelea. Land Rover 300 Tdi za zamani bado zinazunguka huku, zimefungwa waya na mpira mahali pa skrubu, na bado zinawaka asubuhi ya baridi ya Kericho mradi plagi za kupasha ziko hai. Heshima yangu kwazo ni kamili. Ila ukienda leo kununua dizeli iliyotumika ya miaka saba, hununui hiyo. Unanunua mashine inayopuliza mafuta kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja na mia tano la hewa tunayovuta, kupitia matundu yasiyoonekana kwa macho, kwa amri ya kompyuta.

Fundi mmoja wa Kapsoit alinionyesha injekta iliyotolewa kwenye injini ya lita 3, ile ya 1KD iliyokuwa kwenye Prado na Hilux kabla ya 2.8. Shingoni ilikuwa na lami nyeusi ngumu, imeganda kama iliyopikwa, kwa sababu washa ya shaba chini yake ilichoka na kuachia moshi wa mwako kupenya. Moshi huo huchafua oili, oili inakuwa masizi mazito, masizi yanaenda kuziba chujio dogo ndani ya sampu, na siku chujio likijaa, taa ya oili inawaka ukiwa mbali na nyumbani. Alinionyesha na chujio. Nusu ya matundu ilikuwa imezibwa. "Hapa kulikuwa na bahati, mzee," akasema, "huyu alileta mapema." Injekta ni nne, na kila moja, mpya na halali, ni makumi ya maelfu ya shilingi. Bonasi ya msimu mbovu inaweza kuishia hapo yote.

Mafuta yenyewe nayo yana mambo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zinatakiwa kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo jema lililowezesha injini hizi kuja. Lakini dizeli safi iliyotoka bomba la Nakuru au Kisumu si lazima iwe safi ikifika kwenye pampu ya kijijini. Mafuta taa yamekuwa yakichanganywa na dizeli kwa miaka mingi, kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa jina lililo wazi kabisa la kupambana na uchanganyaji huo. Kila mafuta taa yanaposhuka chini ya dizeli, kishawishi kinarudi. Trekta la zamani litayameza na kupiga chafya. Injini ya kisasa hulainishwa pampu yake na dizeli hiyohiyo. Mafuta taa hayana ulaini huo, na chuma husaga chuma. Maji yaliyotuama kwenye jerikeni hufanya vivyo hivyo. Petroli mbaya nayo ipo, sikatai, lakini mara nyingi madhara yake huishia kwenye plagi na chujio, vitu ambavyo mtu ananunua bila kuitisha kikao cha familia.

Kisha kuna kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kukamata masizi na kuyachoma, na ili yachomeke bomba linahitaji joto kali, linalopatikana gari likienda mwendo wa kutulia kwa muda. Sasa fikiria wiki ya mkulima wa Roret: kilomita nne hadi kituo cha chai, kilomita sita hadi sokoni, mbili hadi kanisani, yote kwa gia ya pili, injini haijapata joto sawasawa. Masizi yanajaa. Taa inawaka. Kule Australia, ambako barabara ni ndefu kuliko zetu, Toyota ilishtakiwa kwa pamoja na wamiliki wa Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020 kwa sababu ya kichujio hichohicho, na mwaka wa 2022 mahakama ikawapa wenye magari haki. Huku hakuna wa kumshtaki. Kuna fundi anayekitoboa kichujio kwa chuma cha moto na kuilaghai kompyuta, na gari linaendelea likitapika mbele ya watoto wanaotoka shule yale ambayo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaorodhesha mwaka wa 2012 kuwa yanasababisha saratani.

Prado za dizeli za kutoka Japani zina na tangi la pili, la maji ya AdBlue ya kusafisha moshi. Likikauka na ukazima gari, halikubali kuwaka tena. Muulize muuzaji kuhusu tangi hilo kabla ya kuuliza kuhusu redio. Ukiona amegeuza macho, ujue limeshafanyiwa mambo.

Nimeisema dizeli vibaya vya kutosha, na haki inataka niseme nani aichukue. Mwenye kubeba tani moja ya maziwa kila asubuhi kutoka Konoin hadi Kericho. Mwenye kuvuta trela la ng'ombe kutoka Chebunyo. Mwenye viazi vya kwenda Nairobi usiku kupitia Narok. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, injini yake huitumia vizuri zaidi, na mzigo mzito kwenye mwendo mrefu ndio unaoifanya ichome masizi yake na kurudisha gharama zake. Tena mtu wa pikapu hana uchaguzi mkubwa: pikapu nyingi za kazi zinazouzwa mpya nchini, D-Max inayounganishwa Nairobi ikiwa mojawapo, ni za dizeli. Achukue, ajaze kwenye kituo kimoja anachokiamini, abadilishe chujio la mafuta kabla ya wakati ulioandikwa, na amwage maji kwenye sedimenta kila mwezi.

Wengine wote, na ndio wengi, wana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni Prado au Hilux Surf ya petroli ya lita 2.7, yenye lo, ambayo sasa hivi barazani inadharauliwa kiasi cha kuuzwa kwa bei ya huruma. Ikilia ikipanda Londiani, iache ilie. Ya pili wengi hucheka nikiitaja: Suzuki Jimny, ile ya umbo jipya la 2018 yenye injini ya petroli ya chini kidogo ya lita 1.5. Ina lo ya kweli. Uzito wake ni kama tani moja na kidogo, nusu ya Prado, na kwenye utelezi wetu wepesi ni neema. Kwa kuwa haifiki lita 1.5, ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 20. Ni ndogo, na mama mkwe akikaa nyuma atalalamika. Lakini mwalimu wa Kimulot anayeenda shule na kurudi, na kupeleka kilo sitini za majani Jumamosi, hahitaji kiti cha saba.

Ile tofauti ya bei isirudi benki yote. Huku milimani seti ya matairi yenye meno, manne na la akiba, itafanya kazi kubwa kuliko injini yoyote utakayochagua, na matairi ya lami yaliyokuja na gari kutoka Japani utamuuzia mtu wa Nairobi. Ukishayafunga, mtafute dereva wa zamani wa lori la chai, wako wengi waliostaafu, umpe chakula cha mchana, mwende naye mlimani mvua ikinyesha, akufundishe kuweka lo kabla ya tope badala ya baada ya kukwama.